Huko Kwenu Hakuna Mbu

Ishiara
19 Oktoba 1997

Wifi yangu Igoki,

Msomee mama salamu zangu kwanza, ndipo uendelee na mengine. Akisikia karatasi inafunuliwa na hajasalimiwa, atanuna hadi jioni, nami namjua mama mkwe wangu. Mwambie bado nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kimeru changu kinawachekesha hata ng'ombe wenu, na Kiembu changu ninyi hamkitaki.

Ule mradi niliokwambia umenichukua. Tunazunguka boma kwa boma, kuanzia hapa Ishiara hadi kule chini Kiritiri, tukiwauliza watu: mnateka maji wapi, chakula kilichobaki kitawafikisha lini, mtoto akishikwa na homa mnampeleka wapi na mnafikaje huko. Mkubwa wetu, Bwana Muchangi, anasema hali ya hewa inageuka dunia nzima na magonjwa yatageuka nayo, kwa hivyo lazima ijulikane mapema ni watu gani wataumia zaidi. Ofisi iko Embu, mtaa wa Majimbo, nyumba ya kupanga kama nyingine, majirani wanafikiri sisi ni watu wa bima.

Sasa nina ombi. Redio haisemi kitu kingine ila hiyo mvua ya Elinino. Hapa tumekaa na ukame hadi mtama umekauka ukiwa haujafika magotini, na sasa mawingu yamekuja meusi kuliko nilivyowahi kuona. Mvua ikishuka juu ya nchi hii ngumu, maji yatasimama kila shimo. Unakumbuka mwaka juzi, mvua kidogo tu, Karwirwa aliposhikwa na malaria hadi macho yakageuka juu? Ana miaka minne sasa, sitaki nimwone hivyo tena. Na mimi sishindi nyumbani. Kaka yako Mwenda naye yuko barabarani na lori la tajiri wake, Mohamud, leo Maua, kesho Isiolo, kesho kutwa hakuna anayejua. Akija analala kama gogo, halafu anaondoka.

Nataka nimlete mtoto akae nanyi mpaka mvua ipite. Huko kwenu hakuna mbu. Baridi ile niliyoilaani mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, leo ndiyo naiombea. Mkikubali, nitamleta Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Wifi yako,
Wanjira


Kiirigu, Nkubu
12 Novemba 1997

Wifi mpendwa,

Mama amefurahi kwamba ulimtaja kwanza. Ameniambia niandike hivyo.

Tangu ulipomwacha, mtoto wako hajambo. Siku ya kwanza alikaa mlangoni akauliza, "Hapa jua liko wapi? Nani amelificha?" Mama akamwambia limefichwa ndani ya majani chai. Basi kila jioni anakwenda kuchungulia katikati ya michai, na wachumaji wanamsaidia kutafuta. Usiku analala na nyanya yake kitanda kimoja. Wana jina moja na ubishi mmoja. Nikiita "Karwirwa!" wanaitika wote wawili, halafu wanagombana nani ameitwa.

Sweta nililomfumia analivua kila ninapogeuka, na kusema kweli simlaumu. Mwezi kama huu sisi huwa tunalala na moto haujazimwa. Mwaka huu mama amesukuma blanketi moja miguuni. Ukungu haushuki hata alfajiri, ni mvua tu, mvua ya joto kama ya huko kwenu, na maji yamesimama hadi kwenye nyayo za ng'ombe. Nashona sare za shule kule sokoni nikiwa nimekunja mikono ya blauzi, jambo ambalo sijawahi kufanya mwezi wa Novemba.

Juzi tulicheka. Mtoto alikuwa amepakatwa na mama, mara akajipiga kofi mkononi.

"Mbu," akasema.

"Hapa hakuna mbu, mwana wakwa," mama akamwambia. "Huyo ni mdudu wa mvua tu."

"Nyanya, ni mbu. Tazama miguu yake."

"Mbu wanakaa kwa mama yako. Huku wanakufa kwa baridi."

Mtoto akamtazama nyanya yake kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi mzito.

Wiki iliyopita alipata mafua kidogo, yamekwisha, na sasa anakula mukimo kama mtu mzima. Usiwe na wasiwasi, fanya kazi yako. Mama anajivunia kwamba una kazi ya ofisi. Amewaambia wanawake wote wa kanisani kuwa mkaza mwanawe anachunguza mawingu.

Wako,
Igoki


Kiritiri
1 Desemba 1997

Wifi Igoki,

Barua yako imenifikia ikiwa imelowa, wino umesambaa, nimeisoma kwa kubahatisha. Lakini neno "mafua" nimeliona vizuri. Mafua gani, wifi? Alikohoa? Alitoka makamasi? Au mwili ulikuwa moto tu, akitetemeka, kisha akatoka jasho? Niandikie wazi. Usinipunguzie kitu. Homa ikirudi, usingoje ipite, mpeleke hospitali ya misheni siku hiyo hiyo na uwaambie ametoka Ishiara.

Hapa tumechoka. Mashimo yote waliyochimba watu wa mchanga yamejaa maji, na ukiinama unaona viluwiluwi vya mbu vikicheza humo kama mchele unaochemka. Jana tulifika kwa mzee mmoja anaitwa Gitari. Mbuzi wake wamekwisha, wameoza kwato wakiwa zizini. Wajukuu wake watatu walikuwa wamelala mkeka mmoja, wote homa. Nilimuuliza maswali yangu yote kama nilivyoagizwa: maji, chakula, umbali wa dispensari. Alijibu kwa adabu, moja baada ya lingine, mtoto mmoja akiwa anaugulia nyuma yake.

Nilipomaliza akasema, "Sawa. Sasa gari lenu linarudi Embu jioni?"

"Gari limebaki ng'ambo ya mto, baba," nikamwambia. "Sisi wenyewe tumevuka kwa miguu."

"Basi dawa?"

"Sisi si watu wa dawa. Tunachunguza tu."

Hakukasirika. Alisema "Haya," akaenda kuketi karibu na watoto. Igoki, heri angenifokea. Nilitoa vidonge vyangu vya klorokwini, vile ninavyobeba kwa ajili yangu mwenyewe, nikamwachia. Havikutosha hata watoto wawili. Dispensari ya hapa sanduku la dawa liliisha mwezi uliopita, na sasa wauguzi wamegoma nchi nzima, mlango umefungwa kwa mnyororo.

Nashukuru kila siku kwamba mtoto wangu hayuko hapa. Mbusu. Mwambie jua limejificha pia huku kwetu.

Wanjira


Kiirigu
22 Desemba 1997

Wifi Wanjira,

Sijui kama umenijibu ile barua yangu ya Novemba. Hakuna barua iliyofika. Watu wanasema barabara ya Embu imekatika mahali pawili na magari yanageuzwa. Nakuandikia hivyo hivyo, barua itafika siku itakayofika.

Krismasi ya mwaka huu haina ladha. Homa ya baridi imeingia ukingo wetu huu wa mlima. Karibu kila boma kuna mtu amelala. Wanatetemeka katikati ya mchana, unawawekea mablanketi matatu, halafu ghafla wanaungua. Wazee wanasema ni kichomi, kwa sababu ya kunyeshewa kila siku. Muuguzi wa dispensari yetu alitoa dawa ya kichomi kabla ya kugoma, wengine wakapata nafuu, wengine hapana. Unamkumbuka Kiende, jirani yetu wa chini, aliyejifungua mtoto wa kiume wakati wa harusi ya binamu yangu? Tumemzika yule mtoto Alhamisi. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia kiti.

Karwirwa wako hajambo. Anacheza. Mama amechoka kidogo, kazi ya shamba na umri. Nimemwambia apumzike.

Kuhusu Mwenda, hatujamwona tangu mwezi wa kumi na moja. Niambie kama una habari zake.

Igoki


Embu
2 Januari 1998

Igoki,

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili nimeipata leo. Usishangae mwandiko, naandika nikiwa garini.

Hicho si kichomi. Hiyo ni malaria. Nisikilize, hata kama kila mtu hapo atakucheka. Kutetemeka mchana, kisha moto, kisha jasho, kisha nafuu ya uongo, kisha kurudi: hiyo naijua tangu kuzaliwa. Ninyi hamjaizoea, damu zenu haziijui, kwa hivyo itawapiga vibaya kuliko inavyotupiga sisi. Kwetu mtu mzima analala siku tatu na kuamka. Kwenu mtu mzima anaweza kufa.

Mama amechoka vipi? Anatetemeka? Anakula? Anaongea vizuri? Usiniandikie "kidogo".

Bwana Muchangi alipokuja kuniona, nilimwambia apeleke dawa huko juu.

"Wanjira, kule hatukuchunguza," akasema.

"Kwa nini hatukuchunguza?"

"Kwa sababu kule hakuna malaria."

"Na tumejuaje kwamba hakuna, kama hatukuchunguza?"

Si mtu mbaya. Kwenye ramani ya ofisini, Ishiara na Kiritiri zimepakwa rangi nyekundu, Runyenjes njano, na huko kwenu pameachwa peupe. Dawa za serikali zinapelekwa penye rangi. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya ramani ile nikiwa na Karwirwa mgongoni, nikafurahi kuona peupe.

Basi alizunguka mwenyewe kwenye maduka ya dawa ya Embu akapata kwinini na klorokwini, si nyingi, akampa dereva wa lori jingine la Mohamud linalojaribu kupita kwenda Meru. Zitafikia dukani kwa Mohamud, Meru mjini, naye atakutumia habari uzifuate. Barua hii imo ndani ya mfuko wa dawa hizo. Nimeandika kwenye kila paketi nani ameze ngapi. Mama aanze kwinini siku hiyo hiyo, hata kama analalamika kuwa ni chungu. Mtoto akiwa na homa apewe vile vya paketi ndogo.

Siwezi kuja sasa, kazi imenishika. Nikipata nafasi tu nitakuja.

Nakuomba, fanya haraka.

Wanjira


Meru mjini
14 Januari 1998

Kwa Mama Karwirwa,

Amani iwe juu yako. Naitwa Mohamud, tajiri wa mumeo. Hatujawahi kuonana ana kwa ana, lakini Mwenda ananiambia habari zako.

Kwanza kuhusu yeye. Yuko hai. Lori lake limezama kwenye matope mbele ya Mado Gashi, pamoja na magari mengine mengi. Ndege iliyopeleka unga huko ilirudi na ujumbe wake: ni mzima, hana njia, asubiriwe. Huko wanakufa ngamia na mbuzi, na watu pia, kwa ugonjwa ambao hatujui jina lake. Nimepiga simu kila ofisi. Hakuna anayeweza kuwatoa mpaka ardhi ikauke.

Pili ni mfuko wa dawa. Lori lililoubeba lilichelewa njiani siku nyingi, likingoja maji yapungue darajani. Lilipofika nilimtumia habari wifi yako aje auchukue, hakuja. Nikauliza, nikaambiwa mlima umeporomoka juu ya Nkubu na watu wa kule hawashuki. Nikamtuma mpwa wangu Shueib. Alipanda gari mpaka lilipoishia, kisha akaenda kwa miguu, akiwa amefunga, kwani tuko kwenye Ramadhani. Alifika Kiirigu akaukabidhi mfuko kwa mkono wa Igoki mwenyewe.

Amemwona mtoto wako. Anasema alikuwa amekaa kwenye rundo la kuni, hana homa, anakula ndizi, na alimwuliza kwa nini amevaa kofia ndani ya nyumba.

Alikuta watu wengi bomani. Mengine, mama, si yangu mimi kuyasema. Wifi yako atakuandikia. Poleni sana.

Mohamud


Kiirigu
27 Januari 1998

Wanjira,

Mama alifariki tarehe kumi. Tulimzika tarehe kumi na tatu, siku aliyokuja yule kijana wa Mohamud. Nilipokea mfuko wako nikiwa na udongo wa kaburi kwenye viatu. Barua nilianza kuisoma pale pale nimesimama, nilipofika kwenye "kazi imenishika" nikaikunja. Nimeimalizia jana.

Nitakueleza yote maana umesema nisikuandikie "kidogo".

Mama alianza kutetemeka kabla ya Krismasi. Nilipokuandikia kwamba amechoka kidogo, alikuwa amelala chumba cha pili. Alisimama siku ya Krismasi yenyewe, akaenda kanisani, tukasema amepona. Baada ya mwaka mpya ikarudi, na safari hii hakusimama. Alianza kuongea na marehemu baba, akimwambia afunge ndama. Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Wanaume sita walimlaza juu ya kitanda wakambeba kumpeleka hospitali ya misheni kule chini. Nilikwenda nao. Tulifika pale ambapo ukingo uliporomoka na barabara haipo, ni matope mekundu mpaka bondeni. Mmoja akajaribu kuvuka, akazama hadi kiunoni, wakamvuta kwa kamba. Wakaweka kitanda chini. Tulisimama hapo kwenye mvua, Wanjira.

Mama akafumbua macho, akili ikamrudia. "Nirudisheni nyumbani," akasema. "Mtavunjika miguu bure."

Tukamrudisha. Alikaa siku mbili.

Nalo hili lazima ulijue. Yale niliyoyaita mafua mwezi wa Novemba hayakuwa mafua. Karwirwa alikuwa moto na akatetemeka hadi meno yakagongana. Nilitaka kukuandikia. Mama akasema, "Ukimwandikia ataacha kazi aje na mvua hii, apotee njiani. Mtoto wa kule anajua homa, itapita." Na kweli ilipita. Ikarudi, ikapita tena. Wiki mbili baadaye mtoto wa Kiende akaanza. Kisha nyumba ya juu yetu. Kisha mama.

Siku ya mazishi Kiende alikaa karibu nami. Aliniuliza polepole, bila ubaya, "Igoki, kabla mtoto wa kule chini hajaja, nani aliwahi kuuona ugonjwa huu hapa?" Sasa wanawake wengine wanawaita watoto wao ndani Karwirwa akitoka kucheza. Hajaelewa. Anafikiri ni mchezo wa kujificha, anakwenda kuwatafuta nyuma ya nyumba zao.

Dawa zako tumewapa wagonjwa watano. Wanne wameamka.

Wewe ndiye unayezunguka ukiuliza watu maswali. Sasa nijibu mimi moja: ni kweli? Mtoto ndiye aliyeileta?

Igoki


Embu, Majimbo
15 Februari 1998

Wifi yangu,

Nimeianza barua hii mara nyingi, nikaichana. Sijui jinsi ya kumlilia mama kwenye karatasi. Aliniita "mtoto wangu" siku ya kwanza, mbele ya watu waliosema mimi ni mwanamke wa nchi kavu nisiyejua hata kuchuma chai. Nilikuwa sijui, na alinifundisha bila kunicheka mbele yao. Alinicheka tulipobaki wawili.

Sikuwa garini. Nilikuandikia nikiwa kitandani, hospitali, hapa Embu, na maji yakiingia mkononi kwa sindano. Nilianguka kwa homa huko Kiritiri siku tatu kabla ya Krismasi. Walinibeba kwa mkokoteni wa punda hadi mahali gari lilipoweza kufika. Nilitoka hospitali mwezi wa Januari ukiisha na mpaka leo nikisimama sana magoti yanakataa. Niliona nikikwambia naumwa, ungekuwa na wagonjwa wawili wa kuwawazia badala ya mmoja, na mama angetaka kuja kuniona. Nilidhani ninakusaidia. Basi wewe ulinificha, mimi nikakuficha, na sisi sote tulikuwa tunapendana.

Swali lako. Nimemwuliza Bwana Muchangi, nimewauliza madaktari wawili. Wameniambia hivi: mbu peke yake haleti malaria, lazima amwume mtu aliye nayo kwenye damu, halafu awe mahali penye joto la kutosha ili ule ugonjwa ukomae ndani yake. Mbu kama hao kumbe huko wapo siku zote, wachache. Kilichokuwa kinawakinga ni baridi, na mwaka huu baridi haikuja. Mtu aliye nayo kwenye damu anaweza kuwa yeyote: mchuuzi wa ndizi, dereva, wachumaji chai waliotoka Tharaka, hata Mwenda alipolala kwenu Novemba. Na anaweza kuwa Karwirwa.

Nikasema, "Niambieni basi, ni yeye au si yeye?" Mmoja akaniambia hilo halijulikani na halitajulikana kamwe.

Kwa hivyo jibu langu ni sijui. Ningeweza kukuandikia "hapana", nawe ungemwonyesha Kiende. Lakini umenieleza ukweli, siwezi kukurudishia uongo. Ninachojua ni kwamba ni mimi niliyemleta, kwa mikono yangu. Yeye ana miaka minne.

Mwenda amefika. Mohamud alimpata kwa gari la jeshi. Amekonda. Nilipomwambia kuhusu mama alikaa chini barabarani, mbele ya watu, kama mtu aliyekatwa miguu. Anakuja huko wiki ijayo, mpokee.

Jambo la mwisho, na sijui nilisemeje. Ofisi sasa wanataka Kiirigu na vijiji vyote vya ukingo vichunguzwe. Wamesema niende mimi kwa sababu ni kwa mume wangu, watu watanifungulia milango. Sikuwaambia kwamba huenda ndiyo sababu wataifunga. Na nitakapokuja nitamchukua Karwirwa. Ishiara bado kuna homa. Huko pia kuna homa. Nimetafuta mahali pengine pa kumpeleka, sina. Kama hakuna mahali salama, basi awe na mama yake.

Ukitaka nisije, niambie. Nitawaomba watume mtu mwingine.

Wanjira


Kiirigu
8 Machi 1998

Wanjira,

Njoo. Mtu mwingine hatajua hata njia ya kuingilia.

Kaka alifika. Ameweka jiwe kwenye kaburi akarudi kazini.

Igoki


Kiirigu
16 Aprili 1998

Wifi,

Uko kwenye boma la Kiende sasa hivi, na karatasi zako. Naona mwavuli wako kutoka hapa dirishani. Karwirwa amekwenda nawe. Nitaitia barua hii kwenye mzigo wake, uisome ukishafika, maana nimekuwa nawe siku nne chini ya paa moja nimeshindwa kuyasema haya kwa mdomo.

Nina hasira nawe. Nimeitafuta sababu ya hasira hiyo siipati, kila ninayoishika inaniponyoka. Ulimleta mtoto kwetu kwa sababu ulituamini. Ulileta dawa ukiwa wewe mwenyewe unakufa. Nayajua yote. Bado nikisikia sauti yako ukicheka na mtoto jikoni, badala ya kusema ninakwenda kuchota maji ambayo hatuyahitaji.

Jana uliposema lazima unihoji na mimi kama wengine, nilikaa. Uliniuliza tunateka maji wapi, nikakujibu, ingawa uliyateka mwenyewe asubuhi. Uliniuliza dispensari iko umbali gani. Kisha ukauliza, "Katika boma hili kuna aliyefariki tangu mvua ianze?" Nikasema, "Mmoja." Ukauliza umri. Nikakwambia sitini na nne. Ukauliza tena umri. Nikakwambia tena. Ukauliza mara ya tatu, nikaona umeinamisha kichwa na kalamu haiendi. Nilitaka kuinuka nikushike. Sikuinuka. Nilikungoja uandike, na ulipoandika nikangoja swali linalofuata.

Kabla hujaenda kwa Kiende uliniuliza watu wanasema nini kuhusu uchunguzi huu. Wanasema hivi: mvua kubwa imeanza tena, na mgonjwa mwingine amelala tangu Jumapili, na muuguzi amerudi kazini lakini kabati lake halina kitu. Wanauliza utakaporudisha karatasi zako Embu, rangi itapakwa lini. Nimewaambia sijui. Ulikuwa umeniambia ni mwakani.

Kiende ametoka nje sasa. Amesimama mlangoni kwake, wewe umesimama uani kwenye mvua, mnaongea. Sisikii. Karwirwa ameingia chini ya kanga yake, na Kiende hajamtoa. Hajamkumbatia pia. Amesimama tu hivyo, mikono juu, kama mtu ambaye hajui aiweke wapi.

Sitakudanganya kwamba hasira hii itaisha. Ukiona sijaandika, ujue bado. Lakini wewe niandikie. Niandikie kila mtoto akipata homa, hata ndogo, na kila akipona. Usinifiche tena, nami sitakuficha.

Nimefua nguo zake jana nikazianika jikoni juu ya moto, hazijakauka. Nimezifunga hivyo hivyo zikiwa na maji. Utazitandaza ukifika, kama huko kutakuwa na jua.

Igoki